Benchi Lisilotaka Kukauka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili; kuhusu kichwa sikupi uhakika. Wifi hajambo? Na mapacha wenu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Waambie shangazi yao anawakumbuka kila akiona watoto wawili wakikunjana mashati. Hapa kwetu tunaamka, tunakula, tunakwenda kazini. Shemeji yako anakusalimu sana. Mgongo wake umepona, ingawa akiombwa kubeba kitu unaanza kuuma upya. Baba naye ni mzima, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi ambapo hata misiba watu wanatangaziana kwa simu. Nimekupigia mara tatu mwezi huu, na mara zote ulipopokea niliuliza habari za mvua nikaaga. Kwenye simu una tabia ya kunimalizia sentensi, na jambo hili lazima nilimalize mwenyewe. Tena kuta za nyumba yetu unazijua zilivyo nyembamba, na masikio ya Baba hayajazeeka hata kidogo.

Unakumbuka tulivyomleta huku, baada ya sufuria kuungua jikoni kwake hadi mpini ukayeyuka, yeye amelala sebuleni na moshi umejaa, mpaka jirani akavunja kitasa. Alikubali kuja ila kwa muda tu. Siku ya kuja akapakia kwenye pikapu kile kitanda chao yeye na marehemu Mama, amekifungua vipande vipande, pamoja na mlango mmoja wa kabati la nguo. Mimi nikajua anahamia moja kwa moja, nikafurahi. Kumbe alitaka kunitengenezea benchi la barazani, shukrani ya kumkaribisha. Alisema wazi mbele ya shemeji yako kwamba siku benchi litakapokauka ndiyo siku atakayorudi kwake. Nilikupigia jioni ileile. Uliniambia nifanye nifanyavyo, mradi mzee asirudi kulala peke yake katika nyumba ile. Maneno hayo ni yako, Kaka, sikuzushii.

Basi akaanza kazi uani. Ubao wa kichwani mwa kitanda aliufanya egemeo, ule wa miguuni akaukata katikati kupata mikono miwili, na mlango wa kabati ukawa mahali pa kukalia. Alipopiga msasa, rangi za zamani zilitoka moja baada ya nyingine: kahawia, kisha kijani, kisha ile krimu ya enzi mimi nanyonya. Wewe unamjua Baba. Miaka arobaini alipaka samani za watu mpaka mtaa mzima ukamwita Msasa, na alipoushika tena mkononi alikuwa kama mtu aliyerudishiwa meno yake. Alikuwa anaimba. Shemeji yako alijitolea kupigilia msumari mmoja, ukapinda, Baba akamshauri aendelee kufundisha hesabu kwa sababu namba hazipindi. Tulicheka sana wiki zile mbili, na kila tulipocheka mimi nilikuwa nahesabu siku zilizobaki.

Rangi ya kwanza aliipiga siku ya Jumamosi, bluu iliyoiva. Mchana nilianika shuka juu ya kamba, kamba ikalegea, shuka likalala juu ya benchi lote. Tulipolibandua likaondoka na nusu ya rangi. Niliomba radhi hadi machozi. Baba akacheka, akasema rangi haina haraka, haraka ni ya watu, atapiga msasa upya na sana sana wiki moja imepotea.

Sasa nivumilie, maana yaliyofuata nitakueleza kama Baba alivyoyaona, ili uelewe alichokiona.

Alipiga msasa upya, akafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akaliacha benchi hadi kesho yake. Asubuhi akapaka. Kabla ya saa sita rangi ilianza kujivuta yenyewe, ikafanya vijicho vidogo vidogo vya duara kila mahali, na chini ya kila kijicho mbao inachungulia. Alisema katika maisha yake ameona kitu hicho mara mbili tu, na mara zote lilikuwa kosa la mwanafunzi. Akawaza labda duka limemuuzia rangi iliyochakachuliwa. Akalibeba lile kopo hadi dukani na kumpa muuzaji somo la saa nzima mbele ya wateja, mpaka yule bwana, kwa kutaka amani, akampa kopo lingine bure.

Akakwangua yote, akaosha mbao, akapaka upya. Kopo jipya nalo likawa na lake. Safari hii hakuna vijicho, rangi ilitandaa vizuri, inang'aa. Lakini haikukauka. Siku ya pili ilinata. Siku ya tano ilinata. Siku ya nane Baba aliweka kidole, akakitazama kile kidole kilichotoka na bluu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilimwona akitia kitu ndani ya kopo. Nikamwambia sikumwona. Akauliza tena kama nina hakika.

Tangu hapo hakuimba. Akachana ubavu wa boksi la kadibodi akaning'iniza ukutani pale uani, na kila alichofanya akawa anaandika kwa penseli: nimepiga msasa, nimefuta vumbi, nimefunika kopo. Siku moja nikiwa nafua nilisoma mstari wa mwisho. Ulisema kwamba hakumbuki kama alikoroga. Mezani naye akaanza kuuliza kama amekwisha kutia sukari, na dawa yake ya presha anataka aimeze mbele yangu ili niwe shahidi. Shemeji yako alisema tumpeleke hospitali akapimwe kumbukumbu. Nilimkatalia kwa ukali hadi akaacha kula, na sikuweza kumweleza kwa nini nimekasirika.

Jumapili iliyopita Baba alituita sebuleni wote wawili, akatuambia tukae, kama vile nyumba ni yake na sisi ndio wageni. Alisema ameamua kubaki. Alisema mtu asiyeweza kukausha benchi hafai kuaminiwa na jiko. Brashi zake alikuwa amekwisha kumpelekea fundi seremala mmoja wa mtaa wa nyuma, zote isipokuwa moja, na akaomba funguo za nyumba yake nikutumie wewe uzitunze. Nimezitia katika bahasha hii. Alizungumza taratibu, bila kinyongo, na alipomaliza akatushukuru kwa kumvumilia. Shemeji yako alinikonyeza kwa furaha. Nilikwenda bafuni nikafungulia maji ili wasinisikie ninavyolia.

Kesho yake akanipa ile brashi iliyobaki. Alisema yeye ataelekeza kwa mdomo tu, mkono uwe wangu. Tulikwangua ile rangi ya kunata hadi mbao ikabaki uchi, tukaosha kwa tapentaini, tukaacha ikauke, tukapiga msasa mlaini. Alinifundisha kutochovya brashi zaidi ya theluthi, na kumalizia kila mpako kwa kuelekea upande mmoja wa mbao. Kwa kopo la tatu tulilonunua siku hiyo nilipaka mara ya kwanza, nikangoja siku mbili, nikapaka mara ya pili. Ikakauka, Kaka. Imekauka kama kioo, hakuna kijicho, hakuna panaponata. Baba alipitisha kiganja chake kutoka mkono huu wa benchi hadi ule, akanishika bega, akasema hana tena wasiwasi, kwa kuwa ufundi umehamia kwangu. Akaenda kuwaita majirani waje waone kazi ya binti yake.

Mficha uchi hazai, ngoja niseme. Rangi haikuwa na kosa, wala duka, wala Baba. Nilikuwa mimi.

Lile shuka lilikuwa bahati mbaya kweli, naapa. Lakini Baba aliposema wiki moja imepotea, moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu alipokuja, nikaona kumbe siku zinaweza kuongezwa. Basi alipokwenda matembezi yake ya jioni, nilichukua kitambaa, nikakitia mafuta ya kula, nikalifuta benchi lote. Ndivyo vijicho vilivyopatikana. Lile kopo la bure nalo nililitilia mafuta hayohayo, nusu kikombe, nikakoroga kwa mwiko wa ugali nikauosha. Nilidhani atakasirikia rangi. Nilidhani atakasirikia dunia, maana ndivyo alivyokuwa siku zote. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba atajishuku mwenyewe. Sasa najikaanga kwa mafuta yaleyale.

Nimepata nilichokitaka, na wewe umepata ulichokitaka. Mzee habanduki. Lakini nimechanganyikiwa hadi nashindwa kuhesabu chenji dukani. Sufuria liliungua kweli, hilo sikulitilia mafuta mimi. Kwa hiyo kitu fulani alikuwa anasahau. Lakini sukari je? Dawa je? Akisimama katikati ya chumba akitafuta alichofuata, ninamtazama, na sijui tena usahaulifu upi ni wake na upi nimempa mimi. Na hata yeye hawezi kunisaidia kujua, kwa sababu hajiamini tena.

Nikimwambia, hatanisamehe, na atarudi kwake kesho asubuhi hata kwa miguu. Nisipomwambia, atakaa hapa akiniomba ruhusa ya kuwasha taa. Nimelala na kuamka na mambo haya mawili, yananizungusha kama mtu aliyefungwa macho. Mwisho nimeona hivi: akiungua kwa jiko lake, nitalia maisha yangu yote, lakini akiisha hivi mbele ya macho yangu, aliyemmaliza ni mimi. Nimeamua kumwambia. Naipeleka barua hii posta kwanza, ili nikirudi nisiwe na mahali pa kujificha, maana najijua nilivyo mwoga. Nikitoka posta nitakwenda kwa yule seremala kuzirudisha brashi, kisha nitakwenda moja kwa moja uani.

Kwa hiyo, Kaka, akikupigia kudai funguo zake, mpelekee mwenyewe. Usimgombeze, wala usinitetee. Chukua likizo ukae naye siku chache, umtazame anavyopika, na safari hii tumuulize yeye anatakaje, kwa sababu wewe na mimi tulikaa kwenye simu tukampangia maisha kama vile hayupo. Mimi nitakuja akinikubalia. Asiponikubalia nitangoja.

Wifi msalimie, na mapacha uwapake mafuta ya kifua hivi baridi imeingia. Shemeji yako bado hajui lolote, naye zamu yake ya kuambiwa ni leo.

Baba amenichungulia dirishani sasa hivi, ameniuliza namwandikia nani. Nimemjibu ni wewe. Amekaa tena pale pale kwenye benchi, mgongo umeegemea ule ubao. Anakusalimu sana. Ameniagiza nikuambie kwamba benchi limekauka, na nisisahau kutaja ni nani aliyelipaka.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba