Anayetoka Pangoni Atoe Mji

Mtaa wa Shella,
Malindi.
9 Novemba 1986

Mpendwa kaka Badawi,

Shikamoo. U hali gani huko Maskati, na wifi, na huyo mtoto tusiyemjua sura? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Goti la Mama humsumbua mvua ikinyesha, lakini ulimi wake haujapata kuugua.

Na ulimi huo ndio ulionifanya nishike kalamu. Ujue Mama sasa anasoma ngumbaru. Anajua kuandika jina lake na lako. Siku ya kufunga darasa wanawake wote watasoma hadithi moja waliyoiandika pamoja, kila mtu na sentensi yake, na mwandishi wao ni Nyakio. Huyu ni mke wa Dedan wa hotelini, mpangaji wetu wa chumba cha uani, watu wa bara, Wakristo. Walichagua hadithi ya Watu wa Pangoni, wale vijana waliomkimbia mfalme dhalimu, Mungu akawalaza miaka na miaka.

Basi Nyakio akasema hata padri wao huisimulia, na kwamba Wakristo walikuwa nayo zamani. Wallahi, alisema kwa wema tu. Jirani yetu Hafidha hakumeza. Imo ndani ya Qur'ani, akasema, haiwezi kuwa ya kuazima. Kutoka hapo pango likasahauliwa. Likaja la Nabii Issa, likaja la nguruwe, likaja la nani ataingia Peponi. Nyakio akaweka kalamu chini, wenzake wa bara wakainuka naye. Mwalimu akaingiwa na hofu, maana wakitoka wale, watakaobaki hawatoshi kuitwa darasa, na litafungwa. Mama angebaki na yale majina mawili basi.

Unamjua mamako, hana mswalie Mtume. Aliwaketisha wote, akasema kama Wakristo walitangulia kuisimulia, heri yao. Sisi tunaisoma Kitabuni na haitupungukii kitu. Kazi yetu sote hapa ni kuandika pango. Anayetoka pangoni kwa maneno mengine atoe mji, kama alivyokuwa akitutoza sisi tuliposhindwa vitendawili.

Hafidha alikuwa wa kwanza, akatoa Takaungu. Mama akaupokea: "Nikaenda Takaungu, nikala, nikanywa. Haya, turudi." Kanze, mwenzao wa darasani, alipoanza habari za mahubiri alitoa Ganda, kwao hasa, kisha akaona uchungu akaomba abadilishiwe kwa Sabaki. Kicheko kikaua ugomvi. Idadi ya vijana wakaiandika hivi: wengi husema saba, ajuaye ni Mungu. Na mbwa wao, ambaye padri hamtaji, Nyakio alimkubali mwenyewe, akasema mlango wa pango hauachwi hivi hivi. Kaka, mimi mama yetu namstaajabia. Nilidhani namjua.

Jana walifika pale kijana mmoja anapoamka, anakwenda sokoni, na hakuna amjuaye. Mama akasema hata Badawi akirudi leo, wauza samaki watamuuliza yeye ni mwana wa nani. Akaingia habari za kofia yako iliyomo sandukuni, akasema, akasema, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Nyakio akamwambia polepole, "Mama, umetoka pangoni. Toa mji."

Mama akatoa Maskati.

Nyakio akaupokea kama ada: akaenda Maskati, akala, akanywa, akamkuta Badawi mzima. Mama akapangusa macho kwa leso, akatoa sentensi yake, na hadithi ikaendelea. Sasa imekwisha, na wote wataisoma, hakuna aliyetoka.

Hafidha anakusalimu sana, na Dedan, na Kanze. Msalimu wifi, mbusu mtoto. Mola akupe afya na akufungulie njia.

Nyakio anasema Maskati ni mji wake sasa, kwa hivyo mpangaji ni wewe, na amekupa notisi ya kuhama. Chumba chako cha mbele nimekifagia.

Ni mimi dadako, nikupendaye daima,
Mwanasiti