Tumaini Amelamba Jivu la Karabai

Chanzuru, Jumamosi asubuhi. Manyunyu tangu alfajiri.

Sasa hivi Tumaini amecheka. Ulimi mweupe kama aliyelamba chokaa. Nimemfuta kwa kona ya kanga mara ya tatu, naye anadhani ni mchezo.

Mwanangu amekula kifuko cha karabai.

Naogopa, jamani. Naandika huku nasubiri bodaboda, nisije nikalia nikamtisha mtoto.

Karabai ni ya baba mkwe. Marehemu baba yake alikuwa nayo pia, enzi anafanya kazi reli ya Kilosa, ila ile ilikuwa ya mawe: unatia mawe, unadondoshea maji, inatoka gesi yenye harufu mbaya, unawasha. Hii ya baba ni ya mafuta ya taa. Unapiga pampu, mafuta yanageuka mvuke, kile kifuko cha uzi kinawaka mwanga mweupe wa kutosha kanisa zima. Umeme ulipokuja ikapandishwa darini.

Juzi kaishusha. Tembo wa Mikumi wanaingia shambani kwetu kule, na tochi za sola wameshazizoea. Baba anasema mvumo wa karabai hawaupendi.

Jana akafunga kifuko, akakichoma kiwe tayari. Kikishaungua ni jivu tupu lililosimama, ukikigusa tu kimekwisha. "Mama Tumaini," akaniambia, "hapo hata pumzi usipitishe."

Nikaitikia vizuri tu.

Leo nikatoa kioo, nikaiweka chini nipige picha ya kuweka humu. Nikageuka kuchukua simu. Mtoto kakiona kile kifuko kama yai lililomenywa, kakitia mdomoni.

Baba alipouliza kifuko kimevunjwa na nini, nikasema, "Ni upepo, baba."

Upepo! Na asubuhi hii hata jani la mgomba halitikisiki.

Nikajificha nyuma ya jiko nikampigia nesi wa mjini Kilosa. "Kifuko cha siku hizi au cha zamani?" akauliza. "Vya zamani vilitiwa dawa ya kuongeza mwanga, si kitu cha kula. Labda hana neno, ila tusikisie. Mlete, na pakiti yake uje nayo."

Pakiti anayo baba.

Nikaenda nikapiga goti. "Baba, nisamehe. Haukuwa upepo."

Sijawahi kumwona akikimbia, na goti lake lile bovu. Leo kakimbia. Karudi na pakiti ya karatasi iliyogeuka njano, aliinunua mwaka aliooa. Uso umemshuka kuliko wangu.

"Heri ningevitupa zamani," akasema. Kisha, "Uongo wako tutauongea tukirudi."

Tukirudi. Nimelishika neno hilo moja. Tumaini anachezea kifungo changu, hajatapika, hajalia, anapumua vizuri, nimehesabu. Ee Mungu, ukinirudishia huyu mzima, picha sitaki tena, nita

"We mama Tumaini! Pikipiki hii hapa, acha hilo lisimu, mfunike mtoto!"

Nakuja baba, namalizia tu kusema kwamba