Mstari wa Matete

Gasorwe, Alhamisi

Dada Jeska,

Shikamoo. Naamini shemeji Fredi na mtoto ni wazima huko Nyarusange, na kile kikohozi kimekwisha. Sisi tunapumua, ila usingizi umetuhama.

Unajua tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania shamba lilikatwa nusu, letu na la Matata aliyekuwa akililima. Bashingantahe, wale wazee wa kilima, walisema atakayevuka mpaka atapoteza sehemu yake. Ndiyo maana Baba hajachimba hata mfereji mmoja. Anasema udongo ukibebwa na mvua atavumilia, lakini akionekana analitengeneza shamba, watasema anataka kulimeza lote.

Jumatatu, wakati wa palizi, Matata alikuta matete yamepandwa kukatiza mteremko, mpaka ndani kwake. Alikuja na panga, akipaza sauti kwamba Baba alishiba ugali wa Tanzania, sasa anataka kumla na yeye. Mkewe Efrazia alimvuta shati akilia. Baba aliapa kwa kaburi la bibi kwamba hakuyagusa, akamrudishia kuwa Matata kayapanda mwenyewe ili atufukuze. Kesi ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Jana mvua ilipiga sana. Leo asubuhi tulikuta udongo umekwama kwenye matete, na maharage ya hapo juu yamesimama. Kwingine kote, hakuna kitu. Baba aliushika ule udongo, halafu akasema kwamba angeyaona mapema kabla ya Matata, angeyang'oa yote. Sijawahi kumwona hivyo.

Dada, ni mimi. Yale matete niliyoomba kwenu likizoni, nikasema ni ya mbuzi, niliyapanda watu wakiwa kanisani. Shemeji alinifundisha kwamba mstari ukikatika katikati, maji yanapita hapo hapo na kuchimba korongo. Basi sikusimama mpakani. Niliyafikiria maji tu.

Nikisema, shamba letu linaondoka. Nikinyamaza, wazee wakamwamini Baba, Matata anapoteza lake bila kosa. Nitasema. Lakini unanijua, hata madamu akiniuliza darasani naangalia chini. Njoo na shemeji, aeleze yeye habari ya maji. Asipopata nafasi, we njoo tu usimame karibu yangu, maana Baba atasikia siku hiyo hiyo, mbele ya watu wote.

Barua nampa Amissi, dereva anayekuja huko kwenu Gitega kesho. Mama anawasalimu, anadhani nakuandikia habari za shule. Mbusu mtoto.

Mdogo wako anayeangalia barabara,
Anisia