Shemeji Amekubali Kuwa ni Mali

Jumanne, baada ya Isha.

Kumbe sarafu za mtandaoni huwa halali mwenyewe akishakufa! Miaka mitatu shemeji Hamisi alimwita mume wangu mcheza kamari, hata siku ya Idi akakataa kula kwetu. Leo shehe amekuja kutugawia mirathi, na Hamisi ndiye aliyetangulia kusema: "Bon, shehe, ile ya mu telefone nayo ni mali. Tugawe."

Shehe akasema kweli ni mali, maana ina thamani na ina mwenyewe. Mimi thumuni, binti yangu nusu, kinachobaki cha Hamisi.

Neno la siri nilikuwa nalo peke yangu. Ningeweza kunyamaza. Nimelitoa, namwogopa Mungu.

Nikamuuliza, "Shemeji, ulimwomba radhi ndugu yako kabla hajafa?"

Akauliza leo bei ya sarafu ni ngapi.