Chumba cha Mama Darini

Mama mpendwa,

Chamgei, Mama. Mimi Emmy Chepkirui wako nakusalimu kwa jina la Yesu. Magoti yanaendeleaje tangu mvua ianze? Yule ng'ombe mweusi alizaa salama? Nilisikia huko Merigi kumenyesha mpaka njia ya kwenda kituo cha majani chai ikakatika, nikakuona kichwani mwangu ukizunguka kule juu na kikapu mgongoni. Usiende mwenyewe, Mama. Mwache Kibet abebe. Ndugu yangu huyo ana mgongo mzuri kuliko sisi wote na anautumia kuegemea ukuta.

Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile ya kutunza wazee huku ughaibuni: kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza. Baridi imeanza. Barua hii nimempa Mama Sharon wa kanisa letu hapa, anayerudi Bomet kwa harusi, kwa sababu mambo haya sikutaka kuyatuma kwa simu. Ujumbe wa simu, kwa vile herufi zake ndogo huzioni, ukisomewa, jikoni wote wanajua kabla hujaketi. Hii isome ukiwa peke yako.

Ni kuhusu mdogo wangu Chelang'at. Usishtuke, hajaugua, na bwanake Bethwel yuko sawa. Ni habari ya nyumba yao.

Unajua walinunua nyumba hapa mjini, zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta kama laini za wafanyakazi wa majani chai, ila hizi ni za ghorofa. Sasa wanataka kuipanua. Mbele ni barabara, nyuma ni ua wa kuanika nguo tu, kwa hivyo watu wa huku hupanua kwenda juu. Wanaingia ndani ya paa, pale ambapo sisi tungesema ni tabut, mahali nyanya yetu Kogo alikuwa akiweka mahindi na kuni zikauke kwa moshi. Wanatandika sakafu, wanaweka ngazi na madirisha yanayotazama mbinguni, na hapo panakuwa chumba cha kulala.

Jumamosi aliniita nione ramani. Nikamkuta na fundi, mzungu mmoja mrefu ambaye Chelang'at alishamzoesha chai ya maziwa. Karatasi ilikuwa imefunika meza yote. Chelang'at akaweka kidole.

"Hapa ni choo. Hapa ni kabati. Na hapa, karibu na dirisha, ni kitanda cha Mama."

"Mama gani?" Nilidhani anasema mama ya Bethwel.

"Mama yetu! Tunataka aje akae na sisi. Ni sapraizi, usimwambie."

Mama, wewe ndiye uliyenizaa, kwa hivyo sitakuficha. Niliumia. Mimi ndimi niliyekuja huku kwanza. Mimi ndimi niliyemtafutia chuo cha unesi, nikampokea, nikamfundisha kuvaa soksi mbili. Sasa yeye ana bwana, ana nyumba, ana mpaka paa la kuongeza chumba, na kwenye hilo paa atakuweka wewe. Mimi niko chumba cha kukodi, na jikoni tunagawana na watu wengine. Kutwa nzima naogesha mama za watu, halafu mama yangu aje aogeshwe na Chelang'at? Nikaona vile watu wa kanisa watasema, "Chelang'at amemleta mama yake." Nikajiona nimesimama mlangoni kwake nikibisha hodi, nisubiri kufunguliwa ndiyo nikuone.

Fundi akaweka ngazi yake ya mkono, tukapanda kuona. Ndani ya paa ni giza na vumbi, na pamba ya kuzuia baridi imelazwa kati ya mbao. Fundi akavuta futi yake ya kupimia, akasema katikati mtu atasimama vizuri, lakini ngazi itabidi iwe ya kusimama wima sana kwa sababu pale chini nafasi ni ndogo.

Hapo nikaona nafasi yangu mimi. Nikasema kwa Kiingereza, ili fundi asikie, "Mama yetu ana magoti mabaya. Ngazi kama hiyo hataiweza hata siku moja."

Fundi akamgeukia Chelang'at. "Hukuniambia ni mtu mzee."

Chelang'at akageuka, akaanza kushuka ngazi. Na mimi, Mama, nilifurahi. Ilikuwa furaha mbaya, lakini nilifurahi.

Fundi alipokunja karatasi yake na kwenda, moto ukawaka.

"Umeniaibisha mbele ya mtu."

"Nimesema ukweli. Wewe ni nesi mzima, hukufikiria magoti?"

"Magoti sikuyafikiria, hapo nimekosa. Lakini hukusema kwa sababu ya magoti, Emmy. Unanionea wivu."

"Ndiyo," nikamwambia. "Nakuonea wivu. Tangu uweke hicho kidole hapo."

Nilingoja anifukuze. Badala yake akaketi, akaanza kulia.

"Na mimi je? Mama akipiga simu ni, 'Chepkirui anasemaje? Mmemuuliza Chepkirui?' Hata siku niliyomwambia tumepata nyumba, aliuliza kama wewe umeiona. Nilitaka kitu kimoja, kimoja tu, ambacho Mama hataniuliza kama wewe umekikubali."

Sikujua, Mama. Ni kweli unamuuliza hivyo? Niliposikia, kwanza moyo ulinenepa, halafu nikaona haya, kwa sababu machozi yake hayakuwa ya mchezo.

Bethwel alikuwa amejificha jikoni akisonga ugali ambao hakuna aliyeuomba. Akatokea na mwiko mkononi. "Na huyo Mama mnayemgombania," akasema, "ana ng'ombe, ana majani ya kuchuma. Ni nani amemuuliza kama anataka kuja?"

Si mimi, si Chelang'at. Hakuna.

Tulikula ule ugali. Mwishowe wakaamua kwamba wao ndio watakaolala juu, na wewe ukija utapewa chumba chao cha sasa, karibu na choo, bila kupanda hiyo ngazi ya darini. Kazi haijaanza, wanangoja kibali cha kanjo, yaani baraza la mji, na jirani akubali ukuta uguswe. Nilipokuwa navaa koti, Chelang'at akaniambia, "Muulize wewe. Wewe ndiye mkubwa."

Kwa hivyo nakuuliza, Mama. Unataka kuja? Kama huwezi kuacha majani na ng'ombe, sema tu. Kama unataka kuja utembee kidogo urudi, sema pia. Usijibu kwa kutufurahisha.

Na usifikiri wivu umeisha. Jana alinitumia picha za rangi za ukuta, akaniuliza wewe ungependa gani. Najua ni kijani kibichi. Nilikaa na simu muda mrefu nikitamani kumwandikia hudhurungi. Nikaandika kijani.

Nisalimie Kibet, na zaidi yake mkewe, anayefanya kazi. Nisalimie jirani yetu Mzee Koech anayekusaidia kukamua, na Mama Atieno wa samaki pale sokoni. Mwambie huku samaki huuzwa vipande, hawana hata macho. Salimu bibi ya pasta, aendelee kutuombea.

Nina ombi moja la mwisho, na hili Chelang'at hajui. Ukikubali kuja, yeye atakuja na gari uwanja wa ndege, na ana haki. Lakini usiku wa kwanza, kabla hujaona hicho chumba kizuri, lala kwangu. Kitanda ni chembamba. Utalala wewe, mimi nitatandika chini. Asubuhi nitakupikia chai, na baada ya hapo nitakupeleka kwake mimi mwenyewe.

Ni mimi, mtoto wako wa kwanza,
Emmy Chepkirui