Mbuzi ya Bi Twaiba

Jego, 9 Februari 2025

Mwanangu Hasina,

Salamu nyingi. Hujambo? Na kifua chako, hakijaziba kwa vumbi la msasa? Mimi namshukuru Mungu, ila miguu inavimba kidogo, si neno. Naandika kwa sababu kwenye simu unanisalimu mbio mbio kama mtu aliyeacha chungu mekoni.

Chirau wa gari la nazi anakuletea gunia: vifuu, kawa iliyotoboka na upawa uliovunjika. Majirani wananiuliza mwanangu ana kiwanda gani cha takataka. Nawaambia hiyo ni njumu, anapachika vipande ubaoni mpaka vikawa picha, hamwijui, nyamazeni.

Uliniomba pia mbuzi ya kukunia nazi, ile ya nyanyako. Hiyo siitii guniani. Njoo uichukue mwenyewe, ulale hata siku mbili.

Mamako,
Twaiba

Mwabungo, 2 Machi 2025

Shikamoo Mama,

Natumai hujambo. Mimi mzima, kazi tu imenishika. Gunia limefika. Kifuu nikikipiga msasa kinang'aa kama kimepakwa samli!

Picha yenyewe ni jiko letu, Mama. Kuta ni mbao za mtumbwi mkuukuu, moto ni champali nyekundu, zile kandambili zilizotupwa ufuoni, sufuria ni bati. Hoteli moja ya Diani itaitundika ukumbini. Umebaki wewe tu, umekaa unakuna nazi, na nataka nikuunde kwa ubao wa mbuzi ile ile, ulivyolainika kwa kukaliwa. Nikiondoka sasa gundi itagandia koponi. Mpe Chirau, tafadhali. Mimi nitakuja Idi, inshallah.

Mwanao,
Hasina

Jego, 4 Aprili 2025

Mwanangu,

Hujambo? Idi njema, ingawa imepita bila wewe. Mkate wa sinia nilikuwekea mpaka ukaota ukungu. Sikulaumu, kazi ni kazi.

Wali wa Idi niliupika bila tui. Mikono haina nguvu ya kukuna, na nikikaa pale chini siinuki mpaka jirani aje. Basi mbuzi imekaa bure, lakini bado sijaitia guniani. Unakuja lini?

Mamako

Mwabungo, 20 Aprili 2025

Shikamoo Mama,

Natumai miguu ina nafuu. Unisamehe kwa Idi, wenye hoteli waliitaka picha mapema kuliko tulivyopatana. Lakini Mama, maadamu mbuzi huitumii, si umpe Chirau tu? Nikimaliza nitakuja nikae wiki nzima, nikukunie nazi mpaka uzichukie.

Mwanao,
Hasina

Jego, 11 Mei 2025

Hasina,

Mbuzi hiyo. Nimeifunga kwa kanga yangu, usiirudishe. Angalia meno yake, bado ni makali.

Mamako

Mwabungo, 1 Juni 2025

Shikamoo Mama,

Hujambo? Simu yako haipokelewi. Picha imetundikwa! Wageni wanasimama mbele yako, wanakusifu mgongo na mikono. Ubao nimeupasua vipande vyembamba, hata kimoja sikutupa. Nijibu basi. Wiki ijayo ninakuja, safari hii kweli.

Mwanao,
Hasina

Jego, 14 Juni 2025

Shikamoo Mama,

Chirau aliponipigia simu nilidhani ameniletea vifuu. Nimefika umeshazikwa.

Barua zako nimezisoma upya, zote. Uliniambia miguu, ukaniambia mikono, ukaniuliza ninakuja lini, nami nikaona ubao tu. Najuta, Mama. Najuta mpaka nashindwa kulia mbele ya watu.

Leo ilikuwa hitima yako. Wanawake walileta nazi na mchele, wakaingia jikoni kwako kupika. Mara nikasikia, "Jamani, mbuzi ya Bi Twaiba iko wapi?" Wakatafuta nyuma ya mlango, wakatafuta uvunguni. Ilibidi niwaambie. Hakuna aliyenilaumu. Mmoja alisema tu, "Haya, nenda kaazime kwa jirani."

Nikaenda nikaazima, nikakaa chini, nikakuna nazi zote za hitima yako. Waliponiambia basi, zimetosha, nilikuwa bado nakuna.

Mwanao,
Hasina