Kumbukumbu ya Bibi Mkasi, na Kipande Alicho Nacho Chiriku

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu cherehani yako inyamaze. Kitambaa cheupe tulichoifunika nacho siku ya mazishi kilikaa pale hadi majuzi, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Baba, aliyekuwa akilalamika kwamba kelele zake zitamtoboa masikio, sasa anawasha redio tangu asubuhi na haisikilizi.

Tunakukumbuka na pini zako mdomoni, ukitugombeza bila kufungua meno. Wiki nzima ulishona sare za watu, na Jumamosi ukavaa raba zako na kusukuma mkokoteni wa vitabu hadi nyuma ya soko, wanakolala watoto wasio na kwao. Mkokoteni ule Baba ndiye aliyeutengeneza, wenye rafu na mlango wa kufunga, maana ni fundi seremala na hakutaka mkewe abebe vitabu kwenye beseni. Nesi wa zahanati alikuja kukusaidia kuwasomesha kila alipokuwa hana zamu. Wengine waliahidi kujitolea, wakaonekana siku ya kupiga picha tu. Ulicheka, ukasema hata hao wameusogeza mkokoteni kidogo.

Watoto walikuita Bibi Mkasi, na sababu yake Baba aliijua na kuichukia. Kitabu kikifika mikononi mwako ulikikata vipande vipande, ukapiga mshono pembeni mwa kila kipande. Mtoto mmoja alichukua mwanzo, mwingine katikati, mwingine mwisho.

"Mama watoto, unachinja vitabu," Baba alikuwa akisema. "Kitu kizima unakigawa kama nyama buchani!"

"Baba watoto, mtoto asiye na mlango atakiweka wapi kitabu kizima? Wakubwa watamnyang'anya, kesho kimefungiwa karanga. Kipande kinakaa ndani ya shati, na nani atakiiba?"

"Na hadithi yenyewe je?"

"Akitaka inayofuata, amtafute mwenye nayo."

Baba alitikisa kichwa na kurudi kwenye randa yake. Hakuuliza zaidi, nawe hukuongeza neno. Ndivyo mlivyoishi miaka yote.

Ulipoondoka, Baba hakujua mikono yake aiweke wapi. Akasema atautunza mkokoteni wako, nasi tukafurahi. Akawaomba watoto warudishe vipande vyote. Akashinda karakanani akivipanga na kuvipaka gundi, akivibana kwenye jiliwa kama anayeunga mguu wa kiti, kisha akaviwekea majalada magumu. Alifanya kazi ile huku analia, Mama, na tulimwacha alie. Vitabu vilitoka vizima na vya kupendeza, hata nesi akampigia makofi.

Kimoja tu kilibaki na pengo. Yule msichana mdogo mliyemwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haupumziki, alikataa kurudisha kipande cha mwisho. "Subiri nimalize, babu," alimwambia. "Nimebakiza kidogo tu." Baba akaweka karatasi tupu mahali pale, akasubiri.

Mambo yakaharibika polepole. Vitabu vizima vikaanza kupotea, na Baba akaliona jalada lake mwenyewe kwa muuza karanga. Watoto wakapungua, na waliokuja kila mmoja alisoma chake akaenda zake. Baba akanuna, akasema watoto hawa hawana shukrani. Ikawa hivyo hadi Jumamosi moja, msichana mkubwa anayeuza maji pale sokoni alipomsogelea.

"Babu, Chiriku hamumtafuti?"

"Kwani yuko wapi?"

"Hajaonekana tangu ule msako wa askari, kabla ya mvua. Enzi za bibi mngeshajua siku ileile."

"Bibi angejuaje?"

"Si aliyekuwa anausubiri ule mwisho angekuja kulalamika? Kila mtu alikuwa na mtu anayemsubiri, babu. Siku hizi nani anamsubiri nani?"

Baba alitumbua macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Alirudi nyumbani, akaketi kitandani na viatu miguuni. Tulipomuuliza kulikoni, akasema, "Mama yenu alikuwa anajua nani hajarudi. Mimi nimekaa na gundi yangu, mtoto amepotea, sina habari."

Tuna hofu, Mama. Baba amezunguka vituo vya polisi, hospitali, stendi, na ile nyumba wanamofungiwa watoto wanaokamatwa. Kila mahali wanamuuliza jina kamili la mtoto, na yeye analijua hilo moja tu. Nesi ameulizia wodi kwa wodi. Hatukuambii haya ili kukusumbua, ila hatuna mwingine wa kumwambia.

Wiki iliyopita Baba alikiondoa kile kitambaa cheupe. Aliketi kwenye kiti chako, akashika mkasi wako, akafungua kitabu alichokiunga mwenyewe, na mkono ukagoma. "Nisamehe, mama watoto," alisema, akakata. Kutunga uzi kwenye sindano kulimshinda, ikabidi binti yako amtungie. Mishono yake imepinda, ungeifumua yote. Lakini Jumamosi watoto waliondoka na vipande ndani ya mashati, wakiulizana kwa kelele nani ana kinachofuata.

Sasa tuwie radhi, Mama, tugeuke kidogo. Tumeliweka tangazo hili gazetini kwa sababu magazeti yakishasomwa hufungiwa karanga, na wewe ulituambia Chiriku hatupi karatasi kabla ya kuisoma mbele na nyuma. Chiriku, kama umeishika karatasi hii, popote ulipo: mkokoteni bado unasimama nyuma ya soko kila Jumamosi asubuhi. Hakuna atakayekugombeza. Babu anasema hata kama kipande kimelowa au kimepotea, njoo hivyo hivyo. Hataki kipande, anakutaka wewe. Na yule mwenzako anayeusubiri mwisho amekataa kusimuliwa na mtu mwingine.

Mama, unakumbukwa na mumeo fundi seremala, ambaye vidole vyake siku hizi vimejaa matundu ya sindano, na sisi wanao, wakwe zako na wajukuu, na mdogo wako, anayevaa zile raba zako ingawa zinambana, na nesi, na msichana wa maji na wenzake wote wa nyuma ya soko. Na Chiriku. Tulibishana kama tumwandike, kwa kuwa hatujui alipo. Baba akapiga meza, akasema jina lake likae hapa hapa, pamoja na walio hai, na atakayelifuta atamtambua.

Hutatutoka moyoni, Mama. Pumzika wewe. Sisi tunamsubiri.